Treyi ya idroliki: namna gari inavyojivuta yenyewe kutoka mu matope, na mambo ambayo fundi hapaswi kusahau

Kwa mwenye kusafiri mu barabara ya kitaifa namba 3, ile inayotoka Bukavu kupitia Walikale na Lubutu mpaka Kisangani, ao namba 4 inayotoka Kisangani kupitia Mambasa na Komanda mpaka Beni na Kasindi, matope si habari mupya. Kamio moja ikizama, nyuma yake zingine zinapanga mustari. Mukungu wa ndizi unaanza kuiva ndani ya muzigo, mafuta ya mawese yanangojea, na mama mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa ku mabega mpaka upande wa pili wa shimo. Na usiku ukiwakuta watu mahali kama pale, mu maeneo yetu ya mashariki, matope si hatari peke yake.

Ndiyo maana kila musimu wa mvua swali moja linarudi mu magaraji ya Goma, Butembo, Bunia na Uvira: je, fundi wa hapa anaweza kutengeneza treyi ya kuvuta gari, yenye kutumia nguvu ya mafuta, bila kununua ile ya bei ya dukani? Jibu ni ndiyo, vipande vinapatikana. Lakini kuko hesabu ambayo lazima ifanywe mbele ya kuwasha posti ya kusudi, sababu chombo kinachoweza kutoa gari mu shimo kinaweza pia kukata mutu mara mbili.

Mu makala hii tunaeleza kazi yake hatua kwa hatua.

Treyi ni kitu gani

Treyi, ao winchi kama wanavyosema ndugu zetu wa Uganda na Tanzania, ni tamburu ya chuma inayozunguka polepole na kukusanya kabli. Ncha ya kabli inafungwa ku muti ao ku gari ingine. Tamburu ikizunguka, kama muti haung'oke, ni gari inasogea.

Kuko aina tatu ambazo mutakutana nazo:

Ya kwanza ni ya mukono, ile watu wengi wanaita Tirfor kwa jina la alama ya biashara iliyoifanya ijulikane. Haitumii moteri wala batri. Inaenda polepole sana na inachosha, lakini inavuta nyuma na mbele, na inaweza kubebwa ku gari yoyote.

Ya pili ni ya umeme. Ni rahisi kufunga, na inafanya kazi muda mufupi hata kama moteri ya gari imezimika. Ubaya wake ni kwamba inakula umeme mwingi sana: ile ya tani 4,5 ku batri ya volti 12 inaweza kuomba ampere 400 na zaidi wakati imebeba muzigo wote. Baada ya dakika chache inapata moto, lazima ipumzike, na batri inashuka.

Ya tatu ni ya idroliki, ile tunayozungumuzia leo. Nguvu yake inatoka ku moteri ya gari kupitia pompi ya mafuta. Ikiwa mafuta hayachemuke, inaweza kuvuta nusu saa bila kuchoka, na maji ya mutoni hayaiogopeshi. Lakini moteri ya gari ikizimika, treyi nayo inakufa palepale. Kwa gari iliyomeza maji mu mutoni, treyi ya idroliki haina faida hata kidogo. Hilo mulijue mbele ya kuchagua.

Mafuta yanabebaje nguvu

Mufaransa Blaise Pascal ndiye alieleza mu karne ya 17 kwamba ukikandamiza maji ao mafuta yaliyofungwa, presio inaenda sawa pande zote. Mu mwaka wa 1795, Mwingereza Joseph Bramah alichukua kanuni hiyo akatengeneza mashini ya kukandamiza yenye nguvu kubwa. Tangu pale, kazi ni ileile: pompi inasukuma mafuta, mafuta yanapita mu tiyo, na upande wa pili yanasukuma kitu.

Kriki ya chupa inayonyanyua kamio inafanya hivyo. Bene ya kamio inayomwanga muchanga inafanya hivyo. Ku treyi, mafuta hayanyanyue fimbo, yanazungusha moteri ndogo ya idroliki.

Mushike vitu viwili vya musingi. Presio, yenye kupimwa kwa bari, ndiyo inatoa nguvu. Wingi wa mafuta yanayopita kila dakika, yenye kupimwa kwa lita, ndiyo unatoa mbio. Pompi ya presio kubwa na mafuta machache inavuta sana lakini polepole. Pompi ya mafuta mengi na presio ndogo inakimbia lakini haina nguvu.

Vipande vinavyohitajika

Pompi. Kuko njia mbili. Moja ni kutumia pompi ya direksio ambayo iko tayari ku gari. Hii mara nyingi inatoa presio ya kati ya bari 70 na 100, na lita karibu 8 kwa dakika. Njia ya pili ni kuweka pompi ya meno, kama ile ya kamio ya muchanga, yenye kuzungushwa na mukanda wa moteri ao na mahali pa kutolea nguvu ku buati ya vitesi. Hii inaweza kutoa bari 140 na zaidi, na lita 20 ao zaidi.

Tanki ya mafuta na filtre. Kwa pompi ya lita 20 kwa dakika, tanki ya lita 20 ni kipimo kizuri kwa kazi ya kuvuta na kupumzika. Tanki ikiwa ndogo, mafuta yanachemuka haraka.

Distribitere. Ndiyo mukono wa kuongoza: kuvuta, kuachilia, ao katikati. Iwe na ressori inayorudisha mukono katikati yenyewe mara tu mutu anapouachilia. Na kama munatumia pompi ya direksio, lazima distribitere iwe ya aina ambayo ikikaa katikati inaacha mafuta yapite kwenda ku direksio. Ile yenye kufunga njia itaua pompi, na usukani utakuwa muzito kama jiwe.

Supape ya usalama. Inafunguka presio ikifika kipimo na kurudisha mafuta mu tanki. Tutarudi ku hiyo, sababu ndiyo inalinda maisha.

Moteri ya idroliki. Zinapatikana ku mashini za zamani za depo, ku matrakta na ku mashini za kuchimba barabara. Ku kibao chake mara nyingi kumeandikwa sentimita kubiki ngapi za mafuta inameza kwa muzunguko moja: 80, 100, 160 na kuendelea.

Rediktere. Ni meno ya kupunguza mbio na kuongeza nguvu. Ile ya sayari, yenye meno madogo yanayozunguka meno ya katikati, inapoteza nguvu kidogo. Ile mafundi wanaita visanfen, skrubu inayozungusha gurudumu la meno, inaweza kupoteza nusu ya nguvu, lakini ina uzuri moja: mara nyingi inashika muzigo yenyewe bila freni.

Tamburu, kabli, rulo za kuongoza kabli, na ndoano yenye ulimi wa kufunga.

Freni ao supape ya kushikilia muzigo. Watu wengi wanasahau hii. Moteri ya idroliki inapitisha mafuta kidogo ndani yake hata kama distribitere iko katikati. Kwa hiyo gari iliyo ku mulima itarudi nyuma polepole, sentimita kwa sentimita. Kama rediktere ni ya sayari, lazima kuwe na freni.

Hesabu mbele ya kununua

Kwanza, mujiulize gari ina uzito gani ikiwa imebeba. Tuseme Land Cruiser yenye watu na muzigo ina tani 3. Kanuni inayojulikana kwa watengenezaji ni kwamba treyi iwe na nguvu ya mara moja na nusu ya uzito huo. Hapa ni tani 4,5.

Pili, nguvu ya moteri. Hesabu ni hii: muchukue presio kwa bari, muzidishe kwa sentimita kubiki za moteri, kisha mugawanye kwa 62,8. Jibu ni nguvu ya kuzungusha kwa niutoni-meta.

Mufano. Pompi ya meno inatoa bari 140 na lita 20. Moteri ni ya sentimita kubiki 100. Mara 140 kwa 100 ni 14.000, gawanya kwa 62,8 ni karibu 223. Lakini hakuna mashini isiyopoteza. Tukihesabu kwamba moteri inabakiza asilimia 85, tunapata 190.

Rediktere ya sayari inayopunguza mara 12 na kubakiza asilimia 80 inageuza 190 kuwa karibu 1.820. Tamburu ina upana wa sentimita 7, na kabli ni ya milimita 10. Kutoka katikati ya tamburu mpaka katikati ya kabli ni sentimita 4, ndiyo kusema meta 0,04. Gawanya 1.820 kwa 0,04: ni niutoni 45.500, karibu tani 4,6. Tumefika.

Mbio yake: lita 20 kwa dakika ku moteri ya sentimita kubiki 100 ni mizunguko 200. Gawanya kwa 12, tamburu inazunguka karibu mara 17 kwa dakika, na kabli inaingia meta 4 na kidogo. Ni mwendo wa mutu anayetembea kwa kuchelewa sana, na ndivyo inafaa.

Sasa treyi ileile tuifunge ku pompi ya direksio ya bari 80 na lita 8. Nguvu inashuka mpaka tani 2,6, na mbio mpaka meta 1,7 kwa dakika. Haifike hata uzito wa gari. Haiko kwamba haifai, lakini lazima itumiwe na puli, ama rediktere iwe na meno ya kupunguza zaidi. Mutu anayewauzia treyi ya pompi ya direksio na kusema inavuta tani 5, mumuombe afanye hesabu hii mbele yenu.

Kabli ikiwa nyingi ku tamburu, nguvu inapunguka

Jambo hili linashangaza watu. Tani 4,6 ni ya safu ya kwanza tu, ile inayogusa tamburu. Safu ya pili ikipanda juu, umbali kutoka katikati unakuwa sentimita 5, na nguvu inashuka karibu tani 3,7. Safu ya tatu ni sentimita 6, na nguvu ni karibu tani 3.

Ndiyo maana shoferi mwenye akili hachague muti wa karibu. Anachagua wa mbali, ili kabli nyingi itoke ku tamburu. Lakini musitoe yote: mizunguko mitano ya kabli ya chuma ibaki kila mara ku tamburu. Ile ndiyo inashika. Buloni ndogo ya ncha ya kabli haikutengenezwa kwa kubeba gari.

Supape ya usalama si ya kuchezea

Hapa ndipo tunaomba mafundi wasome mara mbili.

Kabli mupya ya chuma ya milimita 10 inakatika karibu tani 6. Treyi yetu, ku bari 140, inavuta tani 4,6. Kuko nafasi kidogo ya usalama, haiko kubwa. Sasa gari imekwama sana, treyi imesimama, supape inalia. Fundi anachukua ufunguo, anakaza skrubu ya supape mpaka presio inafika bari 200. Nguvu inapanda mpaka karibu tani 6,5.

Muone kilichotokea: mbele, ni mafuta yalikuwa yanashindwa na kurudi mu tanki bila mutu kuumia. Sasa ni kabli itashindwa. Kipande dhaifu kimehama kutoka ku supape kwenda ku kamba iliyo kati ya watu.

Kwa hiyo supape ipangwe kwa manometre, haiko kwa masikio. Kisha skrubu ifungwe na nati ya kuzuia na kupakwa rangi, ili mutu akiigusa ionekane. Na kama tamburu ina nafasi, muchukue kabli ya milimita 12, ambayo ikiwa mupya inakatika karibu tani 9.

Kufunga ku gari

Treyi ivute shasi, haiko paresho. Sahani ya chuma ya kubebea treyi ishikwe ku mikono miwili ya shasi kwa buloni zenye alama 8.8 ao zaidi ku kichwa. Buloni zisizo na alama, zile za bei rahisi za soko, zinakatika bila kuonya. Kupiga posti kukatiza shasi kunadhoofisha chuma mahali pale, na ufa unaanza kimyakimya. Ni bora kutoboa na kufunga kwa buloni.

Tiyo za mafuta ziwe za idroliki, zenye nyuzi za chuma ndani, na presio yake iwe imeandikwa juu. Tiyo ya maji ao ya mazutu yenye kufungwa na kolye haiwezi kubeba bari 140. Itatoka ao itapasuka. Tiyo zipite mbali na eshapma na mbali na kitu chochote kinachosugua.

Mafuta yawe ya idroliki, namba 46 inafaa kwa joto letu. Kama munatumia mufumo wa direksio, mubakize mafuta ambayo mutengenezaji wa gari aliomba. Mafuta ya freni hayaingie humo kamwe: yanaharibu kauchu za ndani.

Kisha usafi. Kabla ya kuunganisha, kila tiyo isafishwe. Chembe ya chuma iliyobaki ndani inatosha kukwaruza pompi na kuimaliza.

Kupima kwanza mu lupango

Musipeleke treyi mupya moja kwa moja ku matope. Mujaze mafuta, muwashe moteri bila kukimbiza, na muzungushe tamburu bila muzigo mbele na nyuma mpaka povu iishe mu tanki. Povu maana yake ni hewa, na hewa inafanya treyi iruke.

Kisha mufunge manometre, mufunge kabli ku kitu kisichohama, na muvute mpaka isimame. Mutazame presio supape inapofunguka. Isipite kipimo chenu. Sekunde chache zinatosha. Ukiiacha imesimama na presio yote, mafuta yanachemuka haraka sana.

Musitafute mahali mafuta yanatoka kwa kupitisha mukono. Mafuta ya presio yakitoka mu tundu dogo kama la sindano yanapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kidogo, hakiumi sana saa ya kwanza, na mutu anarudi nyumbani. Kisha kidole kinavimba na kufa, na wakati mwingine mukono unakatwa. Mutumie kipande cha karto kutafuta mafuta yanayotoka. Na kama imetokea, ni kwenda hospitali siku ileile, saa ileile, na kumuambia munganga wazi kwamba ni mafuta ya presio, ili ajue ni kazi ya upasuaji.

Siku ya matope

Matope yanashika gari kuliko watu wanavyofikiri. Jeshi la Marekani, mu mafundisho yake ya kutoa magari, linatumia kipimo hiki: gari ikizama mpaka ku magurudumu, nguvu ya kuitoa ni sawa na uzito wake, ikizama mpaka ku garde-boue, ni mara mbili, ikizama zaidi mpaka juu, ni mara tatu. Land Cruiser yetu ya tani 3 iliyozama mpaka ku garde-boue inaomba tani 6. Treyi ya tani 4,6 peke yake haiwezi.

Kuko dawa mbili. Ya kwanza ni mpauro. Muchimbe mbele ya kila gurudumu, mutoe matope chini ya shasi, muweke miti ao mawe. Kila mpauro munaotoa ni nguvu ambayo kabli haitabeba.

Ya pili ni puli. Kabli inaenda mpaka ku puli iliyofungwa ku muti, kisha inarudi na kufungwa ku ndoano ya shasi. Nguvu inakuwa karibu mara mbili na mbio inakuwa nusu. Lakini muangalie: muti, mukanda na manili ya puli sasa vinabeba mara mbili pia, karibu tani 9. Manili ya mufano wa ile ya kufungia mbuzi haiwezi.

Muti uwe mukubwa na wenye mizizi. Mukaratusi uliokomaa unashika vizuri. Mugomba hauna mizizi ya kazi hiyo, utakuja na ndizi zake. Mufunge chini, karibu na udongo, kwa mukanda mupana ili ganda lisikatwe: muti uliokatwa ganda kuzunguka unakufa, na mwenye shamba ana haki ya kulalamika.

Kama hakuna muti, muchimbe shimo refu lenye kina cha meta moja ao zaidi, likatize mwelekeo wa kuvuta, muzike ndani yake gogo ao gurudumu la akiba, na mukate njia ndogo ya kabli ili ivute chini, isivute juu.

Kando ya Goma, kwenye mawe ya volkano, kuko miamba mingi ya kufungia. Lakini mawe hayo yanakata kama wembe. Kabli ya plastiki ya kisasa haipendi mawe hayo hata kidogo.

Moteri ya gari ibaki na mbio ya kadiri, haiko ya kulia. Shoferi asaidie kwa vitesi ya kwanza polepole, bila kuzungusha magurudumu mu hewa. Na kwa treyi ya pompi ya direksio, mukumbuke kwamba wakati treyi inavuta kwa nguvu yote, usukani unaweza kuwa muzito.

Watu wanaosimama karibu

Mu vijiji vyetu, gari ikikwama watu wote wanakuja. Vijana wanasukuma na wanatafuta kitu cha kula, watoto wanakuja kuangalia. Ni kawaida, na bila wao magari mengi yangebaki barabarani. Lakini kabli inapovutwa, hakuna mutu anayepaswa kusimama mbele, nyuma, ao pembeni yake ku umbali mudogo kuliko urefu wa kabli iliyonyooshwa. Kabli ya chuma ikikatika inarudi kama mujeledi, na mutu haoni inakuja.

Mu kazi hii, muchague mutu moja tu wa kutoa amri. Mwingine kazi yake iwe kuzuia watoto. Anayeshika mukono wa distribitere asimame pembeni, mbali, ao nyuma ya mulango wa gari. Kapo ya mbele ikifunguliwa inalinda kioo.

Katikati ya kabli muweke kitu kizito: koti lenye maji, mufuko wenye udongo, mukeka uliolowa. Kabli ikikatika, uzito ule unaivuta chini. Hakuna mutu anayeruka juu ya kabli. Hakuna mukono unaoongoza kabli karibu na tamburu inayozunguka. Glavu za ngozi zinavaliwa wakati wa kushika kabli, na ndoano inashikwa kwa kipande cha kamba, haiko kwa vidole.

Baada ya kazi

Kabli yenye matope isirudishwe hivyohivyo. Muitoe yote mpaka mizunguko mitano, muioshe, muikaushe, muipake mafuta kidogo, kisha muikunje ikiwa imevutwa kidogo ili safu zilale vizuri. Kabli yenye nyuzi nyingi zilizokatika mahali pamoja, yenye kikunjo ao iliyobanwa mpaka ikawa bapa, haifungwe tena. Kuifunga upya na serekabli kwa sababu ya haraka ni kuiweka ile hatari mu safari ya kesho. Serekabli zikitumika ku ncha ya kawaida, ziwe tatu, na tandiko lake likae upande wa kabli inayobeba muzigo, ile herufi U ikae upande wa ncha fupi.

Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia: yabadilishwe. Yale ya zamani yasimwagwe mu mutoni, sababu chini kidogo kuko mutu anachota maji ya kupika. Mu garaji, bidoni moja inatosha kuyakusanya.

Kwa ufupi, mbele ya kulipa fundi

Mumuulize maswali haya, na musilipe kama anajibu kwa kucheka: Pompi inatoa bari ngapi na lita ngapi? Moteri ni ya sentimita kubiki ngapi? Rediktere inapunguza mara ngapi, na nini inashika gari ku mulima? Supape imepangwa bari ngapi, na manometre iko wapi? Kabli inakatika tani ngapi? Buloni za shasi ziko na alama gani?

Fundi mwenye kujua kazi yake atafurahi kuulizwa. Na treyi aliyoitengeneza ataipima kwanza mu lupango, mbele yenu, watoto wakiwa mbali.